Asilimia 94 ya Grupu Letu si Asilimia 94 ya Nchi



Siku hizi mchezo ni ule ule kila wiki. Mtu anaweka swali kwenye grupu au kwenye ukurasa wake: "Uchaguzi ukifanyika leo kwa haki, kura yako utampa nani?" Majina matatu, la kwetu juu. Kesho yake mgombea wetu ana 94%, wa chama tawala ana 4%, na zile 2% zilizobaki ni za mtu aliyebonyeza huku anashuka kwenye daladala. Skrinishoti inapigwa, inazungushiwa duara jekundu, inatupwa kila kona na maneno "Namba hazidanganyi." Chini yake moto na ngumi mia tatu.

Ni kweli, namba hazidanganyi. Sisi ndio tunaodanganyana kwa kuzipa kazi isiyo yao.

Najua kuna watakaosema huyu ametumwa. Sawa, semeni, lakini malizeni kusoma kwanza. Sitetei wakubwa wa chama wanaoziita kura hizi "michezo ya watoto wa bando". Nitawafikia na wao. Kwanza tumalizane sisi kwa sisi.

Novemba 2025 Tume ilitutangazia kwamba mgombea wa CCM amepata 97.66%, na kwamba waliojitokeza ni zaidi ya 87% ya waliojiandikisha. Tulicheka kwa uchungu. Tukauliza, nchi gani hiyo ambayo watu wote wanakubaliana hivyo? Hata familia ya watu sita haikubaliani juu ya chakula cha jioni. Hoja yetu ilikuwa nzito na bado ni nzito: namba ya namna hiyo haitokani na watu huru wanaochagua kati ya washindani wa kweli.

Sasa jamani, tukitoka hapo tunaingia kwenye grupu letu, tunapika 94% ya kwetu, na hiyo tunaipandisha kwa fahari! Nyani haoni kundule. Bila kukusudia tunawafundisha wananchi kwamba tofauti yetu na wale ni nani ameshika kalamu. Mama anayeuza mbogamboga Buguruni, ambaye hana chama, akiona zile 97 na hizi 94, atasema wote hawa ni walewale. Huyo ndiye tunayemtafuta. Walioweka ngumi mia tatu tunao tayari.

Naelewa kwa nini tunazipenda. Mtu aliyenyimwa takwimu za kuaminika atajitengenezea za kwake, na nchi hii tumenyimwa kwa makusudi. Wenye umri mdogo huenda hawakumbuki, kwa hiyo nikumbushe. Julai 2018 Twaweza walitoa utafiti wao wa Sauti za Wananchi. Waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa wameshuka kutoka 96% mwaka 2016 hadi 71% mwaka 2017, kisha 55% mwaka 2018. Kilichofuata? COSTECH wakawaandikia barua wajieleze kwa nini wasichukuliwe hatua kwa kufanya utafiti bila kibali. Mkurugenzi wao, Aidan Eyakuze, pasipoti yake ikashikiliwa na Uhamiaji. Haikupita miezi mitatu, Bunge likaifanyia marekebisho Sheria ya Takwimu ya 2015 ili kutoa takwimu zinazopingana na za serikali liwe kosa la jinai. Mwaka 2019, baada ya kelele za ndani na nje, wakalegeza. Lakini ujumbe ulikuwa umeshafika. Tangu hapo ni nani mwenye ofisi, familia na pasipoti anayethubutu kupima kama wananchi wanamkubali aliyeko Ikulu na kuchapisha jibu?

Kwa hiyo mtu akisema kura za mitandaoni ndizo kura pekee zilizobaki huru Tanzania, simcheki. Ana hoja. Ila hoja yake inataka kipimo chetu kiwe imara kuliko chao, na chetu cha sasa hakiko imara. Tazameni kilivyotengenezwa.

Kwa Sensa ya 2022 tuko milioni 61.7, na karibu theluthi mbili yetu tunaishi vijijini. Sasa chukua kura iliyowekwa X. Mtandao huo ulifungiwa Mei 2025, na kuingia kukawa lazima VPN, ambayo nayo TCRA tangu Oktoba 2023 imetaka isajiliwe. Maana yake mtu anayepiga kura yako ana simu janja, ana bando, ana VPN, ana ujasiri wa kuiwasha, na anakufuata wewe au mtu anayekufuata wewe. Hayo machujio yote yamepita kabla hajaona swali! Halafu kuna ndugu zetu wa diaspora, London na Muscat na Houston, wanabonyeza kwa moyo wote, lakini sheria zetu haziwapi nafasi ya kupiga kura huko waliko. Na kuna wenye akaunti tatu. (Msijifanye hamuwajui.)

Upande wa pili nao hawajalala. Ukiweka kura yako saa mbili usiku, saa nne mtu kaisha ipeleka kwenye magrupu ya machawa, saa sita "mama anaupiga mwingi" kwa 70%. Utaiita hujuma. Lakini kama kura inaweza kupinduliwa na linki moja kwenye grupu moja, basi hata ile ya wiki iliyopita tuliyoshinda ilikuwa ni linki tu iliyofika kwetu kwanza.

Kuna wanaojibu kwamba wao wanapata wapiga kura 40,000, siyo 200, kwa hiyo ni ya uhakika. Huu ndio uongo mtamu kuliko wote, na ugonjwa huu haukuanza na simu janja. Mwaka 1936 huko Marekani kulikuwa na jarida kubwa, Literary Digest, lililosambaza karatasi za maoni kwa watu kama milioni kumi. Zikarudi zaidi ya milioni mbili. Milioni mbili! Jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akashinda kwa karibu 61%, Landon akaambulia majimbo mawili tu, Maine na Vermont. Kosa lilikuwa nini? Anuani walizichukua kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa njaa na ukosefu wa kazi. Mwenye simu na gari mwaka ule hakuwa na shida zile za mpiga kura wa Roosevelt. Na waliojisumbua kurudisha karatasi walikuwa zaidi wale wenye hasira na rais. George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko hao, alimpata mshindi kwa sababu alichagua wa kuwauliza. Jarida halikufika mbali. 1938 lilikuwa limekufa.

Ukichota mchuzi wa juu tu, hata uchote ndoo nzima, hujui chini kuna nini.

Na hapa kwetu tuna mfano wa 2015. Septemba ile Twaweza walitoa kura ya maoni: Magufuli 65%, Lowassa 25%. Ukawa wakaipinga, mitandaoni wakazomewa, wakaambiwa wamenunuliwa. Lakini tuangalie walivyofanya kazi. Hawakukaa wasubiri nani ataingia mtandaoni. Walichagua kaya sehemu mbalimbali za Tanzania Bara, wakazipa simu, na chaja za sola kwa sababu walijua kuna nyumba hazina umeme. Yule ambaye kura zetu za leo hazimuoni, wao walimfuata na chaja mkononi. Matokeo ya Tume, ambayo Ukawa iliyakataa, yalikuja 58.46% kwa 39.97%. Kwa hiyo nao walikosea, tena vibaya: walimpunja Lowassa karibu pointi 15. Kama utafiti wa kisayansi, wenye bajeti na chaja za sola, unaweza kukosea kiasi hicho, skrinishoti yetu itakosea kiasi gani?

Tukiwa hapohapo kwenye 2015. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 23, waliopiga kura kama milioni 15.6. Watu zaidi ya milioni saba wenye kadi hawakwenda kituoni. Pengo lililotangazwa kati ya Magufuli na Lowassa halikufika milioni tatu. Sijui wangapi kati ya hao milioni saba walikuwa wamebonyeza jina la Lowassa mahali fulani kwenye simu wakaridhika. Lakini hicho ndicho kinachonitisha kuliko 94% yenyewe: mtu anayebonyeza anajisikia ameshafanya jambo. Kaona jamaa yake anaongoza kwa mbali, kaamini kazi imekwisha, kalala.

Sasa nije kwa wazee wetu wanaotaka tuache kabisa. Mnakosea, tena mnakosea zaidi.

Kumbukeni tozo. Julai 2021 serikali ilipoanza kukata tozo kwenye miamala ya simu, hakuna taasisi iliyosubiriwa ifanye utafiti. Watu waliulizana mitandaoni: umekatwa shilingi ngapi? Umetuma kiasi gani kwa mama? Majibu yakamiminika, na risiti. Kufika Septemba serikali ikazipunguza kwa 30%. Na miezi mitatu kabla ya hapo, Aprili mwaka huohuo, bei mpya za vifurushi vya intaneti zilisitishwa muda mfupi tu baada ya kuanza, kwa kelele hizohizo za mitandaoni.

Kwa nini pale mitandao haikudanganya? Kwa sababu mtu aliulizwa kitu anachokijua. Kila mtu ni mtaalamu wa pesa iliyokatwa kwenye simu yake. Lakini ukimuuliza nani atashinda urais, unamuuliza juu ya watu milioni kadhaa asiowajua, naye anakujibu anachokitamani. Hapo ndipo mstari ulipo, na ukiushika huo, kura za grupu zinageuka chombo ambacho CCM wenye ofisi kila kata hawana.

Chukua mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Sheria inasema 4% ya mapato ya ndani kwa vijana, 4% kwa wanawake, 2% kwa wenye ulemavu. Weka swali kwenye grupu la vijana wa kata yako: umewahi kuomba? Ukapata? Ulizungushwa? Hukujua kama ipo? Watu 60 wakijibu, huna takwimu ya wilaya, ni kweli, na usiseme unayo. Lakini una watu 60 na visa vyao. Una yule wa kikundi cha bodaboda aliyeambiwa arudi mara tano. Diwani akisimama kusema fedha zote zimetoka, unaye wa kumuuliza swali mbele yake. Hiyo inamuuma kuliko asilimia 94 yoyote.

Kitu kingine ambacho wachache wanakitumia: uliza swali lilelile, kwa watu walewale, kwa nyakati tofauti. Grupu la watu 200 wa chama haliwezi kukuambia nchi inawaza nini, lakini linaweza kukuambia lenyewe limebadilika vipi. Januari uliuliza, "Kinachokunyima usingizi ni nini: ajira, matibabu, ada, usalama?" Ajira ikaongoza. Aprili ukauliza tena, usalama ukaruka kutoka nafasi ya mwisho hadi ya kwanza. Kuna kitu kimetokea kwenye mitaa hiyo, na umekijua kabla ya gazeti. Kiwango chenyewe usikiamini, amini mwendo wake. Bibi anayepima uzito wake kwenye mizani mbovu ya sokoni kila mwezi bado atajua kama anakonda.

Halafu soma maoni ya chini! Nashangaa mtu anaweka kura, anapiga picha asilimia, anaondoka, huku chini watu wameandika dhahabu. Mmoja kaandika, "Mimi ningewapa kura lakini kwetu mgombea wenu wa udiwani hatumjui hata sura." Hayo maneno ni ramani ya jimbo. Sisi tunakata picha juu yake ili asilimia ionekane vizuri.

Na wale 4%. Kwenye grupu letu wenyewe, mtu katoa kura kwa upande wa pili au kaandika "sitapiga kura kabisa", tunamvamia kama mwizi wa kuku, admini anamtoa. Jamani, huyo ndiye mtu pekee humo ndani mwenye taarifa ambayo hatuna! Mwacheni aseme.

Kuna jambo moja la hatari ambalo naomba maadmini walisikie vizuri. Kura ya WhatsApp haina siri. Kila aliyemo kwenye grupu anaweza kubonyeza akaona nani kachagua nini, jina na namba yake ya simu. Sasa admini anaweka humo "Nani yuko tayari kutoka barabarani?" kwenye grupu la watu 400 asiowajua nusu yao, katika nchi ambayo watu wanachukuliwa na gari lisilo na namba na familia zinazunguka vituo vya polisi kuuliza. Ndugu yangu, hiyo si kura ya maoni. Umeandaa orodha, umeipanga, umewapelekea. Kura ya X haimwonyeshi hata aliyeiweka nani kabonyeza wapi. Telegram ina chaguo la kura isiyoonyesha majina, hakikisha limewashwa. WhatsApp uliza bei ya unga, uliza mikopo, uliza saa ya kikao. Ukitaka kujua nani yuko tayari kwa kazi nzito, nenda kamuone ana kwa ana, kama walivyofanya waliotutangulia kabla ya simu hizi.

(Kiswahili nacho kinatuchanganya hapa. "Kura ya maoni" ni ile ya CCM ya kuteua wagombea wao, ni ile ya Katiba Inayopendekezwa iliyopangwa Aprili 2015 ikaota mbawa, na ni hii ya kubonyeza kwenye simu. Tatu kwa jina moja, na zote tatu mwananchi hajazifaidi.)

Na mtu asiniambie kwamba huu ni woga au kwamba napunguza morali. Morali ya skrinishoti inadumu hadi bando liishe. Oktoba 2020 walibana mitandao, WhatsApp na Twitter zikawa hazifunguki. Tarehe 29 Oktoba 2025 wakazima intaneti nchi nzima. Kila tunapofika siku yenyewe ya kuhesabiana, uwanja wetu unazimwa kwa kitufe kimoja. Siku ile ni kipi kilikuwa bado kinafanya kazi? Watu wanaojuana kwa sura, mtaa kwa mtaa. Mwaka 2020 kulikuwa na vituo vya kupigia kura zaidi ya 80,000. Kila kimoja kinahitaji wakala wetu aliyeapa, aliyekula, asiyenunulika, anayejua kukataa kusaini fomu iliyoandikwa kwa penseli. Tulisikia mawakala wengi wakilalamika kuzuiwa milangoni, na hilo ni la kupigania kwa sheria na kwa sauti. Lakini kuna vituo ambavyo hakuna aliyezuiwa kwa sababu hatukumpeleka mtu.

Utasema: uchaguzi wenyewe ni igizo, wakala wa nini? Huo ni mjadala mkubwa na chama kinao, sitaumaliza hapa. Ila hata anayesema tususe, hata anayesema tudai katiba kwanza, anahitaji kujua ana watu wangapi wa kweli katika Kaliua, katika Nanyumbu, katika Micheweni. 94% haimsaidii huyo wala yule.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa uongozi wa vijana taifa ni dogo na halina gharama. Akaunti zote rasmi za vijana ziache kuchapisha kura za "nani atashinda". Kabisa. Ikichapishwa kura ya jambo lingine, iandikwe chini yake: waliojibu ni wangapi, iliwekwa wapi, kwa muda gani, na kwamba haiwakilishi nchi. Iandikwe hata siku ambayo matokeo yametupendeza, hasa siku hiyo. Wenzetu Kenya sheria yao ya 2012 inawalazimisha wanaochapisha kura za maoni za uchaguzi waeleze walivyozifanya. Sisi hatuna haja ya kusubiri sheria ili tuwe wakweli. Na siku tutakaposimama kudai Tume itoe matokeo kituo kwa kituo, hatutaki mtu atuulize na sisi zile 94 zilitoka kituo gani.

Kwa maadmini wa magrupu ya kata, tuanze wiki hii hii. Kuna swali moja, halina siri na halimtii mtu matatani, mnaweza kuliweka hata WhatsApp: "Kadi yako ya mpiga kura: ninayo na taarifa ziko sawa / ninayo lakini nimehama / imepotea / sijawahi kujiandikisha." Liacheni siku tatu. Msipige picha. Andikeni kwenye daftari majina ya walio kwenye makundi matatu ya mwisho, wapigieni simu mmoja mmoja, na idadi yao mpelekeeni katibu wa vijana wa jimbo kabla ya Jumapili.